Kupigwa Msasa: Historia ya Mashine za Mkononi na Miili ya Mafundi

Kama wewe ni msomaji wa magazeti yetu ya Kiswahili basi kichwa hiki cha habari unakijua: "Waandishi wapigwa msasa". Wakati mwingine ni madiwani, walimu au waamuzi wa mpira. Maana yake watu wamekaa semina siku mbili, wamekunywa chai, wamepewa cheti na nauli ya kurudia nyumbani. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi sana katika kazi yangu, mpaka siku moja nikajiuliza: hivi msasa wenyewe ni nini? Na yule anayepiga msasa kwelikweli, wa mbao na chuma, kazi hiyo inamfanya nini?

Basi nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba kuna historia kubwa hapa ambayo shuleni hatukufundishwa. Tulifundishwa nani aligundua injini ya mvuke. Hatukufundishwa nani aligundua kwamba vumbi la kiti kizuri cha sebuleni linaweza kumuua aliyekitengeneza. Leo naomba tuzungumze hayo. Ni historia ya keekee ya umeme, mashine ya msasa na grainda, na ya watu waliozishika.

JANI KWANZA, KARATASI BAADAYE

Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa pwani waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Ndiyo maana Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno jipya. Fundi aliangalia kile kitu kipya, akaona kinafanya kazi ileile, akakiita msasa, mambo yakaisha.

Huko Ulaya mafundi walitumia ngozi ya papa. Mwaka 1833 jijini London, John Oakey alianza kutengeneza kwa wingi karatasi iliyopakwa gundi na kunyunyiziwa kioo kilichosagwa. Jani, ngozi ya papa na karatasi ya Oakey vilikuwa na jambo moja linalofanana: vyote vilitegemea mkono. Mkono ukichoka, kazi inasimama. Vumbi halikuwa jingi, na sehemu kubwa yake iliangukia miguuni.

Hebu fikiria tofauti hii kidogo, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Randa ya mkono inatoa maranda, yale mapande yaliyojikunja ambayo watu huwawekea kuku. Msumeno unatoa unga wa mbao. Mashine ya msasa inatoa vumbi laini ambalo jicho halilioni vizuri, na linaelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Kila mashine iliyoongeza kasi ilifanya takataka iwe ndogo zaidi. Na takataka ikishakuwa ndogo kiasi cha kuelea, inaingia ndani ya mtu.

Mwaka 1902 huko Minnesota, Marekani, wafanyabiashara watano walianzisha kampuni ya kuchimba madini magumu ya kutengenezea mawe ya kusagia. Walichokichimba kikawa siyo madini waliyoyafikiria, hakikufaa kitu! Wakaamua kutengeneza msasa ili wasifilisike. Kampuni hiyo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la 3M. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya tabu, mpaka ilipofika barua ya mtu mmoja wa Philadelphia, Francis Okie, akiomba sampuli za chenga za madini. Kampuni ikashangaa anazitaka za nini. Kumbe Okie alikuwa na wazo la msasa unaoweza kutumika na maji. Mwaka 1921 msasa huo ukaingia sokoni kwa jina la Wetordry.

Sehemu ulikopendwa zaidi ni kwenye karakana za kupaka rangi magari. Rangi za wakati ule zilikuwa na risasi (madini, siyo ya bunduki), na ukisugua kwa msasa mkavu vumbi lake unalivuta puani. Maji yalilishika vumbi, na gari likatoka laini zaidi. Kwa maneno mengine, moja ya hatua za mwanzo za kumlinda fundi dhidi ya vumbi ilifanikiwa sokoni kwa sababu ilimpendeza na mwenye gari. Weka hilo akilini, tutalirudia.

MOTA YAINGIA MKONONI

Karne ya 19 viwanda vilikuwa na mashine kubwa zilizosimama sehemu moja. Kazi ndiyo iliyopelekwa kwenye mashine. Halafu umeme ukaja, na watu wakaanza kuota kuipeleka mashine kwenye kazi.

Mwaka 1889 huko Melbourne, Australia, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walisajili hataza ya keekee ya umeme. Ilikuwa ya kutobolea miamba, siyo kitu cha kubeba. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ikatoa keekee ya umeme ya kushika mkononi. Uzito wake ulikuwa kama kilo saba na nusu. Hebu shika mfuko wa unga wa kilo tano, ongeza mwingine wa kilo mbili na nusu, halafu toboa ukuta juu ya kichwa chako! Lakini ilikuwa mapinduzi.

Mapinduzi ya pili yalitoka Baltimore, Marekani. S. Duncan Black na Alonzo Decker walianzisha karakana yao mwaka 1910. Black aliuza gari lake ili kupata mtaji. Mwaka 1917 walipata hataza ya keekee yenye mpini kama wa bastola, na swichi ya kufyatua kwa kidole. Inasimuliwa kwamba wazo lilitokana na bastola ya Colt. Ukikumbuka kwamba dunia ilikuwa vitani, hushangai.

Ile swichi ya kidole ni jambo dogo lenye maana kubwa. Kabla yake, kuzima mashine kulihitaji mkono wa pili. Sasa ukiachia kidole mashine inazima yenyewe. Fundi alipata uwezo wa kuisimamisha mashine bila kuiachia. Ndiyo maana nikiona fundi amefunga swichi kwa gundi ya karatasi au kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili "isimchoshe kidole", moyo unanienda mbio. Amerudi nyuma kabla ya 1917.

Baada ya hapo zana zilikuja mfululizo. Mwaka 1924 Edmond Michel wa Marekani alitengeneza msumeno wa duara wa kubeba mkononi. Wazo alilipata kwa kuangalia wakata miwa na mapanga yao. Mwaka 1926 Art Emmons wa kampuni ya Porter-Cable akatoa mashine ya msasa ya mkanda unaozunguka. Na mwaka 1954 kampuni ya Kijerumani ya Ackermann & Schmitt ikatoa grainda ya kasi kubwa kwa jina la FLEX. Wajerumani mpaka leo grainda yoyote wanaiita Flex, kama sisi tunavyoita dawa yoyote ya meno Kolgeti.

MKONO UNAOSHINDWA KUACHIA

Zana hizi za mwanzo zilikuwa na bodi la chuma. Waya ukichubuka ndani, bodi lote linakuwa na umeme. Na hapa ile swichi nzuri ya kidole ikageuka mtego.

Miaka ya 1940, Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kitu kimoja: ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia alichoshika? Akatafuta watu wa kujitolea. Wanaume 134 na wanawake 28 walishika waya, naye akaongeza umeme polepole mpaka vidole vikagoma kufunguka. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake 10.5. Miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea. Taa ndogo ya wati 10 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta kama miliampea 43. Kwa hiyo umeme usiotosha hata kuwasha taa ya chooni unatosha kuufunga mkono wa mtu mzima.

Sasa unganisha na ile bastola ya Black na Decker. Mkono ukibanwa na umeme, vidole vinakaza. Vidole vikikaza, swichi inabonyezwa zaidi. Usalama wa "ukiachia inazima" unamfaa mtu anayeweza kuachia tu.

Majibu yalikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni bodi la plastiki lenye kinga mara mbili. Angalia kibandiko cha zana yako, ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake ni hiyo. Zana hiyo haina haja ya waya wa ethi, ila bodi likipasuka kinga nayo inapungua, hata ukilifunga kwa utepe.

Ya pili ilitoka Uingereza. Kwenye maeneo ya ujenzi wakaweka transfoma za njano zinazoshusha umeme mpaka volti 110, zimeungwa kwa namna ambayo ukinaswa kuelekea ardhini unapata volti 55 tu. Hii inatuhusu sisi watu wa mitumba. Ukinunua keekee iliyotumika Uingereza yenye plagi ya njano, usikate plagi hiyo ukaweka ya kwetu. Mota ya volti 110 kwenye volti 230 itaungua, pengine mkononi mwako.

Ya tatu inatoka Afrika, na nilifurahi sana kuikuta. Miaka ya 1950 nchini Afrika Kusini, Henri Rubin alibuni swichi ya kukata umeme unaovuja kwenda ardhini, kwa ajili ya migodi ya dhahabu ambako wachimbaji walikuwa wakifa kwa kunaswa. Dalziel naye alitoa ya kwake Marekani mwaka 1961. Kanuni yake ni rahisi: umeme unaoenda kwenye zana lazima ulingane na unaorudi. Usipolingana, kuna mahali unapita pasipopaswa, na huenda mahali penyewe ni kifua chako. Swichi inakata kabla moyo haujaharibika. Zinazotumika majumbani kwetu kwa kawaida hukata kwa miliampea 30. Kwenye boksi la umeme ni ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, ambacho wengi wetu hatujawahi kukibonyeza tangu tuhamie.

HESABU YA DISKI

Nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kuongea na mafundi, na nikapita pia Gerezani kwa wachomeleaji. Jambo lililonisumbua zaidi ni grainda ndogo zilizotolewa kava na kufungwa diski kubwa. Nikauliza kwa nini. Kijana mmoja akanijibu kwa utulivu: "Diski kubwa inakaa muda mrefu, bosi. Na kava linazuia nisione mstari." Jibu lenye akili, siyo la ujinga. Lakini tufanye hesabu pamoja, hesabu ya kidato cha pili tu.

Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mzingo wa diski ni sentimita 36. Ukizidisha, ukingo wa diski unakwenda karibu mita 66 kwa sekunde, sawa na kilomita 238 kwa saa. Diski za kukatia chuma kwa kawaida zimeandikwa mwendo wa mwisho: mita 80 kwa sekunde. Mpaka hapo uko salama.

Sasa toa kava, funga diski ya milimita 230 kwenye mashine hiyohiyo. Mzunguko ni uleule, lakini mzingo umekuwa mara mbili. Ukingo wa diski unakwenda mita 132 kwa sekunde, yaani kilomita 475 kwa saa. Na nguvu inayotaka kuipasua diski haikui sambamba na mwendo, inakua kwa kipeo cha pili. Imezidi kiwango kilichoruhusiwa karibu mara 2.7. Diski hiyo ni chenga na gundi tu. Ikipasuka, vipande vinaruka kwa mwendo huo, na kava lililotengenezwa kuvizuia liko chini ya meza. Uso wa fundi uko sentimita 40 kutoka hapo.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Ile pete ya chuma katikati ya diski mara nyingi imegongwa mwezi na mwaka. Huo ni mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inachoka, hasa ikilowa au kukaa sehemu yenye unyevu. Tunaangalia tarehe kwenye maziwa na mkate. Diski nayo ina tarehe.

WYCOMBE: MJI WA VITI

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala haya.

Wapenzi wa mpira wa Uingereza mnaijua timu ya Wycombe Wanderers. Jina lake la utani ni Chairboys, vijana wa viti. Mji wao, High Wycombe, ulikuwa makao makuu ya utengenezaji wa viti nchini humo kwa muda mrefu. Ni Keko ya Uingereza, kama unapenda kuita hivyo. Karne ya 20 ilipoingia na mashine zake, misumeno na misasa ya umeme ilijaa viwandani.

Miaka ya 1960 hospitali ya mji huo ilikuwa na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, mwanamama aitwaye Esmé Hadfield. Saratani ya ndani ya pua ni ugonjwa adimu. Daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi akaona wagonjwa wachache tu. Lakini Hadfield alikuwa akiwaona tena na tena. Akaanza kuuliza swali ambalo siyo la kitabibu sana: unafanya kazi gani? Wakajibu: fundi wa viti. Fundi wa meza. Mwendesha mashine kiwandani.

Akawashirikisha wenzake wa Oxford, akiwemo Ronald Macbeth na Donald Acheson, ambaye baadaye alikuja kuwa mganga mkuu wa serikali ya Uingereza. Wakapekua kumbukumbu za wagonjwa na kazi zao. Mwaka 1968 walichapisha matokeo katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza: mafundi wa samani walipata aina hiyo ya saratani kwa kiwango kilicho mbali kabisa na watu wengine wa eneo lilelile. Mwaka 1969 serikali ya Uingereza iliitambua kuwa ugonjwa wa kazini unaostahili fidia. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilohilo.

Tafakari hapo kidogo. Mashine ya msasa ya mkononi imekuwepo tangu 1926. Uthibitisho ulikuja 1968. Na hii siyo kwa sababu madaktari walikuwa wavivu. Saratani hii inachukua miongo mingi kujitokeza. Fundi anaanza kazi na miaka 18, anavuta vumbi, anaoa, analea, anastaafu, halafu pua inaanza kutoa damu. Nani atakumbuka vumbi la ujana? Kidole kikikatwa, kila mtu karakanani anaona na kesho wote wanakuwa waangalifu. Vumbi halina shahidi.

Sasa turudi Keko. Nilimkuta fundi mmoja mtu mzima anapiga msasa mlango wa mkongo. Nyusi nyeupe, masikio meupe, kajifunga kitambaa cha pamba puani. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamuuliza vumbi hili halimsumbui?

"Nimelizoea. Jioni nakunywa maziwa, yanasafisha kifua."

Maneno ya maziwa nimeyasikia sehemu nyingi, kwa wachomeleaji na kwa wapaka rangi vilevile. Sina ugomvi na maziwa. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, na vumbi liko kwenye pua na mapafu. Njia zake mbili hazikutani. Kitambaa cha pamba nacho kinazuia chenga kubwa, zile ambazo pua ingezizuia yenyewe. Zile ndogo zinazopita kwenye matundu ya kitambaa ndizo zenye madhara. Barakoa ya kweli ni ile ngumu kidogo inayobana uso pande zote, ya kiwango cha N95 au FFP2. Baada ya Korona ya 2020 hatuna tena kisingizio cha kusema hatuzijui. Na unajua nani alitoa ya kwanza ya namna hiyo ya kuvaa na kutupa iliyoidhinishwa Marekani, mwaka 1972? Kampuni ya 3M, wale wale wa msasa!

SHERIA ILIYOBAKI KIWANDANI

Unaweza kuuliza, sheria iko wapi? Sheria ipo siku nyingi. Uingereza ilianza kudai mashine za viwandani zizungushiwe uzio mwaka 1844. Sisi Tanzania tulirithi sheria ya viwanda ya kikoloni, na mwaka 2003 tukapata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wenzetu wa Kenya walipata ya kwao mwaka 2007. Vitabuni ni sheria nzuri.

Tatizo ni kwamba sheria zilitungwa zikiwa na kiwanda kichwani: jengo, msimamizi, na mwajiri anayejulikana. Mwaka 1946 Black & Decker walianza kuuza zana za nyumbani, baada ya kuona wakati wa vita wafanyakazi wa viwandani wanazichukua kwenda nazo kwao. Biashara ikalipuka. Zana ikatoka kiwandani ikaingia mtaani, lakini msimamizi, daktari wa kiwanda na uzio vikabaki kulekule. Kwetu imekuwa hivyo zaidi. Kando ya Ngong Road Nairobi na ndani ya Keko, mwajiri ni nani? Kijana ni fundi leo, kibarua kesho, bosi keshokutwa. Akikatwa kidole anachangiwa na wenzake. Nao ni utu mkubwa, siudharau hata kidogo, lakini mchango hauoti kidole.

Hata kwa wenzetu matajiri mambo si rahisi. Mwaka 1999 Stephen Gass wa Marekani, mwanafizikia na mwanasheria, alibuni msumeno wa meza unaotambua ngozi ya binadamu na kusimama ndani ya sekunde tano za elfu. Anauonyesha kwa kuupelekea soseji, na soseji inatoka na mchubuko tu. Kampuni kubwa zilikataa kuuweka kwenye misumeno yao, akaanza kuuza wa kwake mwaka 2004. Mwaka 2003 alikuwa ameiomba tume ya usalama wa bidhaa iufanye kuwa lazima. Zaidi ya miaka 20 baadaye, bado si lazima. Sababu kubwa iliyotolewa ni bei. Unaona sasa kwa nini nilisema tukumbuke ule msasa wa maji? Kinga inayompendeza mnunuzi inafika haraka. Kinga inayomfaa fundi peke yake inasubiri miongo.

TUFANYE NINI BASI?

Mimi si fundi, wala sitamfundisha fundi kazi. Lakini kila kanuni ya zana hizi imetokana na mtu fulani aliyeumia, na historia hiyo inaweza kubanwa katika maneno machache.

Chomoa plagi kabla ya kubadili diski au msasa, usitegemee swichi. Subiri mashine isimame kabisa kabla ya kuiweka chini. Usitoe kava, na usifunge msumeno wa mbao kwenye grainda. Soma mwendo na tarehe kwenye diski, na ikianguka chini ichunguze, ikiwa na ufa itupe. Vaa miwani, bei yake inakaribia sahani ya chipsi mayai. Usivae glavu za kitambaa ukitumia keekee, inaweza kuzinasa na kuuvuta mkono pamoja nazo. Mikono mirefu ya shati, mikufu na shali vifungwe.

Kuhusu matunzo: puliza vumbi kwenye matundu ya kupitishia hewa, maana mota isiyopumua inaungua. Cheche zikizidi ndani ya mashine, kaboni zimekwisha, badilisha zote mbili kwa pamoja. Waya uliochubuka ubadilishwe, usifungwe utepe. Mfuko wa vumbi umwagwe kila siku, na usikatie chuma karibu na lundo la unga wa mbao. Pigia msasa sehemu yenye upepo, mgongo ukiwa upande upepo unakotoka. Na rangi ya zamani ichukulie kuwa ina risasi: tumia maji na msasa wa mkono, siyo mashine.

Kwa sisi tusio mafundi, tunaokaa maofisini na kuagiza makabati, kuna kitu pia. Tukienda kuagiza tunabishana bei mpaka shilingi ya mwisho, tunapitisha kiganja juu ya mbao kuangalia kama imelainika. Ulaini ule umelipiwa na pua ya mtu. Siku nyingine, mnapopatana bei, muulize fundi ana barakoa na miwani. Kama hana, ongeza kidogo katika hesabu ya kitanda chako, na msisitize anunue. Kwa kila kitanda hiyo ni pesa ndogo sana.

Na kwa wenzangu wa vyumba vya habari: tumeandika sana kuhusu waliopigwa msasa hotelini. Twende tukaandike na kuhusu wanaoupiga. Tuwaulize mafundi wastaafu wa Keko swali lile la Hadfield, na tuwaulize madaktari wetu wa pua na koo kama nao huwa wanaliuliza: unafanya kazi gani?